Majani Niliyoyachoma Umatengoni

Jamani, naandika mara moja tu, tumalizane. Tangu nirudi Hombolo, kila anayepita njia ya shambani kwangu anasimama, anashika kiuno, anauliza: "Yona, umerogwa huko kusini? Mbona unatandaza majani kwenye zabibu?" Mwingine kamshauri mke wangu anipeleke hospitali. Na ninyi wenzangu wa zabibu, mlionisindikiza stendi kwa vigelegele, mnataka kujua imekuwaje niondoke na pingili sitini za mizabibu nirudi na malengelenge ya mikono. Haya, kaeni niwaambie. Sitaficha hata pale nilipoaibika, na nimeaibika sana.

Chanzo mnakijua. Dada yangu Debora ameolewa Umatengoni, milima ya Mbinga, na Kasian, mkulima wa kahawa. Tangu soko liachiwe na kila mwenye lori aruhusiwe kununua kahawa, chama chao kimelegea, mbolea ya mkopo hakuna tena, na mnunuzi anakuja leo na bei hii, kesho na bei nyingine. Shemeji amechoka. Akaniandikia kwamba anataka kukata mibuni yote iliyopandwa na marehemu baba yake, apande zabibu; ila hatakata mpaka mimi nifike, niione ardhi, niseme neno. "Ukisema ndiyo, shemeji, siku hiyo hiyo nashika shoka." Chini ya barua Debora alikuwa ameongeza kwa penseli: "Kaka, kahawa hii ndiyo inayosomesha wapwa zako. Njoo na macho, usije na mdomo tu."

Mdomo ninao, hilo mnalijua. Na niseme ukweli wa Mungu: kabla sijapanda basi nilikuwa nimeshasema ndiyo moyoni. Nilijiona tayari, Yona wa Hombolo, mtu aliyepeleka zabibu kusini.

Hombolo hadi Makambako: nageuzwa mganga

Pingili nilizifunga kwenye gunia bichi, nikazibeba mapajani njia nzima. Pale Mtera basi lilipasuka tairi. Tukakaa juani, nami nikafungua gunia nizinyunyizie maji. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu tangu asubuhi akaziona zile fimbo zimepangwa kwa urefu mmoja, zina alama za chokaa kwenye ncha ili nijue juu na chini. Akasogea taratibu.

"Baba, samahani. Hii ni ya tumbo au ya uzazi?"

"Hii ni ya kupanda, mama. Ni zabibu."

"Nimeelewa," akasema, akinikonyeza. "Hamtajagi jina lake mbele za watu."

Basi ikawa balaa. Mpaka tunafika Iringa abiria wanne wamenieleza maradhi yao, mmoja hadi ya mkwewe. Kijana wa konda hakunidai nauli ya mzigo. Nilikana mpaka sauti ikakauka, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniheshimu. Yule mama aliposhuka alinipa kuku mzima, amemfunga miguu, nikabaki nimemshika sijui nimshitaki nani.

Makambako tuliingia jioni. Baridi! Ninyi mnaosema Hombolo kuna baridi mwezi wa saba hamjui mnachosema. Nilikuwa na shati moja na koti la mtumba lisilo na kifungo. Tukanunua viazi vya kuchemsha vya moto, nikavitia mfukoni kwanza, nikavila baadaye.

Songea hadi juu ya Mbinga: ardhi imesimama wima

Kutoka Songea lami inaisha, na mvua za masika zilikuwa zimeifanya ile barabara uji. Tulishuka kusukuma mara nne. Mara ya nne niliteleza nikakaa kwenye tope, nikaona suruali yangu imekuwa nyekundu. Nikalisugua lile tope kwa vidole. Laini, zito, linanata! Nikasema moyoni, lahaula, udongo gani huu mnono? Kwetu tunahangaika na kichanga kinachopitisha maji, na hawa wamelalia samli. Zabibu zitafurahi hapa! Kumbukeni maneno hayo. Ndiyo niliyoyasema.

Kasian alinipokea Mbinga mjini. Mrefu, mkimya, anacheka kwa mabega. Tukaenda kwa miguu mwendo wa saa tatu, naye kambeba kuku wangu. Tulipovuka mlima wa kwanza na ukungu ukafunguka, nilisimama nikashindwa kutembea. Jamani, shamba limesimama wima! Milima mizima, kutoka mtoni hadi kileleni, imelimwa, na kila mlima umetobolewa mashimo ya mraba, shimo baada ya shimo, yamepangwa sawasawa mpaka macho yakanizunguka.

"Shemeji, nani kachimba haya makaburi?"

Kasian akacheka mabega. "Ngolo hizo. Tumelima hivyo toka mababu."

"Na maji yanatuama humo?"

"Ndiyo kazi yake."

Nikatikisa kichwa kwa huruma. Ninyi nanyi mngetikisa. Mzabibu ukitiwa mguu kwenye maji unakufa, hata mtoto wa Hombolo anajua. Nikamwambia, "Zabibu zikija, haya mashimo tutayafukia." Akamhamishia kuku kwapa la pili, akaendelea kupanda.

Nyumbani nilimkuta Debora, wapwa zangu watano, na mama yake Kasian, Bibi Otilia. Mzee sana, mwembamba, mgongo umeinama lakini mikono bado ya mtu anayefanya kazi. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akanitazama miguu, akasema neno kwa Kimatengo. Kiswahili anakisikia, lakini hukizungumza pale tu anapotaka.

"Anasema miguu yako imezoea tambarare," Debora akatafsiri.

Tukala ugali na maharage ya Mbinga, yale mekundu yanayoiva mpaka yanakuwa mchuzi wenyewe. Nilikula sahani tatu. Mibuni ilikuwa imeuzunguka ua wote hadi bondeni, buni bado kijani, migomba imesimama katikati yake kuitilia kivuli. Asubuhi nilimwona Bibi Otilia akipita kati ya mistari, akigusa shina hili na lile kama anayehesabu watoto. Hiyo ndiyo kahawa iliyokuwa inasubiri neno langu.

Jumapili: nawasaidia wenyeji

Jumapili wote walikwenda misa. Wao Wakatoliki, mimi Mwanglikana, tena yale maharage yalikuwa yamenitibua tumbo. Nikabaki. Jua likatoka vizuri, siku ya tatu bila mvua. Nikaona aibu kukaa bure. Si husemwa mgeni njoo mwenyeji apone?

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na shamba la Bibi Otilia, kwenye mteremko. Lilikuwa limefyekwa, lakini nikaona wafyekaji wamefanya kazi nusu: majani yote yameachwa shambani, makavu, yamelazwa mistari mistari, mingine ya kwenda chini, mingine ya kukata, ikafanya visanduku. Nikasema hawa watu wavivu kweli. Kwetu shamba la zabibu linafagiliwa. Ukiona jani chini, panya anakuja, wadudu wanakuja, jirani anakucheka.

Mnaelewa nilivyofanya. Nilikokota majani yale kuanzia juu, sanduku baada ya sanduku, nikayarundika marundo sita. Nilitoka jasho, nikavua shati, nikaimba. Nikaacha mzigo mmoja wa kufunikia pingili zangu. Yaliyobaki nikayatia kiberiti. Yaliwaka vizuri sana. Nilipomaliza, nusu nzima ya juu ilikuwa safi, nyekundu, haina hata jani. Nikakaa kwenye jiwe nikisubiri sifa.

Walitokea njiani na nguo zao za kanisani. Wa kwanza kuona alikuwa Debora. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kaka! Kaka Yona, umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Umesafisha!" Akaanza kulia. Debora, ambaye hakulia hata alipoozwa mbali vile.

Hapo ndipo nilipoelezwa, na kila neno lilinipiga. Yale majani ndiyo shamba lenyewe. Wanaume hufyeka, wanayaacha yakauke, kisha wanayalaza visanduku. Halafu wanawake huja na majembe, wanachimba udongo wa katikati ya kila sanduku, wanaufukia juu ya majani, na maharage yanapandwa hapo hapo kwenye tuta. Majani yanaoza ndani yanakuwa mbolea, na yanashika udongo mlimani usiondoke. Shimo linabaki katikati kupokea maji ya mvua yasiteremke na shamba. Kesho yake, Jumatatu, wanawake walikuwa waanze kuchimba. Bibi Otilia hana mume wa kumfyekea. Majani yale alifyekewa na wanaukoo kwa siku nne, na ndiyo maharage yake ya mwaka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi Otilia mwenyewe hakulia. Alivuka kijito na gauni lake la misa, akainama, akachota jivu, akalitazama kiganjani. Kisha akatazama mawingu upande wa mashariki.

Tope

Mvua ilishuka saa tisa alasiri. Nilisimama kibarazani nikaona kwa macho yangu mawili. Nusu ya chini, yenye majani, maji yaliingia yakatulia. Nusu yangu, ile safi, iliyofagiliwa ya Kihombolo, ilianza kutembea! Vijito vidogo kwanza, halafu mifereji, halafu ngozi nzima ya mlima ikawa inateremka kuelekea kijitoni, na kijito kikawa chekundu. Saa moja tu. Macho yalinitoka pima. Huu ndio udongo mnono niliousifia. Kumbe unono wake wote uko vidole viwili vya juu, na watu hawa wameushikilia pale kwa majani na majembe kizazi baada ya kizazi, na mimi nimeuachia kwa njiti moja ya kiberiti.

Jumatatu asubuhi, kabla sijanawa uso, nilimwona Bibi Otilia chini kabisa kijitoni. Anazoa tope kwa bakuli, anajaza beseni, anajitwika, anapanda nalo mlima. Anamwaga juu. Anashuka tena. Mzee wa umri ule anarudisha mlima mahali pake kwa kichwa.

Nilikimbia nikamshika beseni. Akaniachia. Tukapanda na kushuka mpaka mchana, mimi na yeye na Debora na wapwa zangu wakubwa wawili. Mara moja tu, tulipopumzika, alinisemesha, kwa Kiswahili safi kabisa.

"Kwenu udongo unakaa wenyewe?"

"Kwetu ni tambarare, mama."

"Kwetu unakaa kwa sababu sisi hatukai."

Siku hiyo nililishika kila shina la mbuni pale nyumbani. Nikachimba chini yake, nikaona mizizi ilivyoshikamana na mlima. Nikatazama ukungu ulivyopanda kutoka bondeni saa kumi jioni, ukalowesha majani, ukakaa hapo hadi saa tatu asubuhi iliyofuata. Mzabibu gani utavumilia hivyo? Ugonjwa wa ubwiri ungeuvisha unga mweupe kabla haujatoa shada la kwanza. Mzabibu unataka shida ya jua na kichanga. Unono ukizidi unatoa majani tu. Haya yote niliyajua tangu Hombolo. Nilijisahaulisha kwa sababu ya sifa.

Jumanne nikamwambia Kasian: "Shemeji, neno langu ni hapana. Usikate."

Nilidhani atashukuru. Weee! Yule mkimya aligeuka mtu mwingine.

"Umeandika mwaka mzima kwamba zabibu ni dhahabu. Umefika, umeona udongo wetu ni bora kuliko wenu, sasa unasema hapana. Mnataka zabibu ziwe zenu peke yenu, watu wa Dodoma!"

"Shemeji, mimi nikuonee wivu?"

"Mbamba Bay kuna mzee ana mzabibu uani. Nimeyaona mashada kwa macho yangu, mwezi wa tisa, mazito hivi! Kwenye mchanga mtupu wa ziwani! Kama mchanga unazaa, udongo wangu utashindwa nini? Twende ukamwambie yeye hapana."

Nikasema twende. Nikachukua na gunia langu.

Kushuka ziwani

Jumatano tulipata Landrova iliyobeba sabuni na watu. Dereva alisema tutafika mchana. Tulifika jioni, kwa kuwa daraja moja la miti lilikuwa limehama, tukasubiri walipange upya gogo kwa gogo.

Lakini ile safari, wenzangu, ni shule. Tulianza na makoti. Tulipoteremka kidogo nikafungua langu, masikio yakaziba, yakazibuka. Kahawa ikaisha mara moja, kama iliyopigwa mstari. Udongo ukaacha wekundu ukawa wa hudhurungi, wenye mawe, kisha mweupe. Mihogo ikaanza. Joto likanipiga usoni nikavua na shati la pili alilonipa Debora. Siku moja, wilaya moja, na nimepita nchi tatu. Kasian alikaa nyuma ananuna. Mama mmoja mwenye ndoo tupu inayonuka usipa, dagaa wa ziwani, akaniuliza kama zile fimbo ni dawa. Nikamwambia ndiyo, ni ya ujinga, na mgonjwa ni mimi.

Kule chini ziwa likatokea. Sikuamini. Maji mpaka mwisho wa macho, na ng'ambo milima ya nchi nyingine. Tukalala kwa ndugu wa Kasian, tukala ugali wa muhogo na samaki mbasa. Ule ugali unavutika. Nilikata tonge likanifuata mpaka mdomoni halijakatika, watoto wa nyumba ile wakacheka hadi wakatoka nje.

Uani kwa Mzee Faraji

Alhamisi asubuhi tukaenda kwa mwenye mzabibu. Mzee Faraji ana duka la vitambaa na mafuta ya taa. Baba yake alitokea pwani, yeye kazaliwa huku huku. Tukamwamkia, akatukaribisha uani, akatuletea chai ya tangawizi.

Na pale ulikuwepo. Mzabibu mmoja, shina nene kama mkono wangu, umepanda kichanja, umeegemea ukuta wa matofali unaotazama jua la jioni. Nilipiga magoti nikafukua mchanga kwenye mguu wake. Mkavu! Na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita chini ya kichanja, majani yanacheza. Mengine yalikuwa na madoa ya ubwiri, lakini shina lilikuwa zima kabisa. Nakiri machozi yalinilengalenga, kukuta mtu wa nyumbani mbali hivyo.

"Masika namwacha augue," alisema Mzee Faraji. "Mwezi wa tano mvua zikikatika nampunguza matawi yote, simpi tone la maji, analala. Akiamka anakuta jua tupu. Mwezi wa tisa wajukuu wananivunjia kichanja."

Ni yale yale tunayofanya Hombolo! Hakufundishwa na mtu; mchanga, ukuta na upepo ndivyo vilivyomfundisha.

Kasian akaweka kikombe chini. "Mzee, sasa mimi nina udongo mzuri kuliko huu. Mbinga, juu. Nikipanda kule?"

Mzee Faraji akamtazama kwa mshangao. "Mwanangu, hukuniuliza siku ile ulipokuja kununua khanga. Duka langu la kwanza lilikuwa Mbinga. Nilipanda huyu huyu, mama yake. Miaka mitatu. Alinenepa, akajaa majani, ukungu ukaja ukamlamba. Sikuonja hata punje." Akanyoosha kidole milimani, juu ya paa, ambako mawingu yalikuwa yamelala mazito. "Tazama. Yale yanakaa kwenu. Sisi tunayaona tu. Una kahawa, bwana?"

"Ninayo."

"Basi usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikamgeukia Kasian nimcheke kidogo, maana ameamini kwa mgeni asilotaka kuamini kwa shemejiye. Nikakuta uso wake umekuwa majivu.

"Shemeji," akasema. "Nimeita ngokela."

Ngokela, huko kwao, ni kualikana kazi: mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja wanafanya kazi, wanakunywa.

"Ngokela ya nini?"

"Ya kukata mibuni. Kesho asubuhi. Nilijua tukirudi tukakuta shamba jeupe, hutaweza kukataa kupanda. Mama amepika pombe. Nilimwambia ni kazi ya shamba, sikumwambia kazi gani."

Nilipiga ukelele. Haki ya nani, nilipiga ukelele uani kwa watu. Kikombe kilinitoka mkononi kikavunjika, na Mzee Faraji akasema kwa upole, "Kimbieni, kikombe kitalipwa na Mungu." Gunia langu nikamwachia hapo hapo. Mwenye mahali pa pingili zile alikuwa yeye.

Kupanda tena

Kukimbia ni rahisi kusema. Landrova ilikuwa imekwenda Lituhi. Lori la dagaa lilikuwa linaondoka "sasa hivi", na sasa hivi yake ilikuwa saa tisa. Tukakaa juu ya magunia ya dagaa. Kila kona lori linapumua, linasimama, utingo anaweka gogo nyuma ya tairi. Jua lilipokuwa linazama, lori nalo likazama kwenye tope hadi ekseli. Dereva akazima, akatandika mkeka chini ya lori, akasema habari ya kesho ni kesho.

Kulipopambazuka hatukumsubiri. Tulipanda kwa miguu, kwa njia za mkato alizozijua Kasian, ukungu umetufunika hata simwoni mbele yangu, nasikia tu pumzi yake. Nilianguka nikachubuka magoti. Kila mbuni tuliopita kwenye mashamba ya watu aliugusa. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, "Baba alinibebesha miche hii nikiwa na miaka saba." Nilimhurumia, nikamkasirikia, nikajikasirikia zaidi. Nani aliyemtia moto wa zabibu kama si mimi na barua zangu?

Jua lilikuwa juu tulipofika mlima wa mwisho. Kwanza tulisikia nyimbo, sauti za wanaume. Halafu vyuma vikikata. Kasian akakaa chini njiani, mtu mzima, akafunika uso. "Wamemaliza," akasema.

Mimi nikasogea mbele, kwa kuwa lazima mmoja aone. Ukungu ulikuwa unafunguka. Nikatazama nyumba. Nikatazama ua.

Mibuni imesimama. Yote. Hata tawi halijaguswa, na chini yake mashoka yamepangwa ukutani, safi.

Nikageuza macho ng'ambo ya kijito. Wanaume ishirini hivi walikuwa kwenye pori lililopumzishwa juu ya shamba la Bibi Otilia, wanafyeka kwa nyengo, yale mapanga yao ya ncha iliyopinda. Wengine wanateremsha matita ya majani. Na ile nusu niliyoichoma, ile nyekundu, ilikuwa imefunikwa tena visanduku, mistari ya kwenda chini na ya kukata, kutoka juu hadi katikati. Bibi Otilia kakaa juu ya jiwe langu, lile lile nililokaa nikisubiri sifa, mtungi wa pombe kando yake.

Tulifika kwake tumeinamisha vichwa. Debora akatueleza. Wale watu walikuja alfajiri na mashoka. Bibi akauliza mashoka ya nini. Wakasema Kasian kasema tuje kukata. Bibi akawaambia: "Mnakata ndiyo. Wekeni mashoka pale, chukueni nyengo." Mmoja akabisha kwamba kazi imetajwa na Kasian.

Bibi Otilia akamalizia mwenyewe, kwa Kiswahili, akimtazama mwanawe. "Pombe nimepika mimi. Mwenye pombe ndiye mwenye kazi."

Kasian alivua koti, akachukua nyengo kwa mtu aliyechoka, akapanda kule juu walikokuwa wanafyeka. Sikumsikia tena akitaja zabibu.

Mimi nikainama kuokota nyengo nyingine. Bibi akanizuia kwa fimbo yake. Akanyoosha kidole kwa wanawake waliokuwa wanaanza kuchimba kule chini, akanipa jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa nimepitiliza. Kuchimba ngolo ni kazi ya wanawake. Wale wanaume mlimani waliponiona nimejipanga na akina mama, nimeinama, walicheka mpaka wimbo ukakatika. Nilichimba siku tatu. Haya malengelenge mnayoyaona ndiyo hayo.

Nyumbani

Nilirudi usiku wa kuamkia Jumamosi, na mchana wake ikanyesha ile mvua ya mwisho, mnaikumbuka. Nilisimama mlangoni nikatazama shamba langu la zabibu, safi, limefagiliwa, fahari yangu. Nikaona maji yanatoka mwisho wa mistari, yanaingia korongoni. Mekundu.

Tambarare, tunasema. Udongo unakaa wenyewe, tunasema. Lile korongo nilipoanza kulima nilikuwa nalivuka kwa hatua moja. Sasa mbuzi akitumbukia anatolewa kwa kamba. Miaka yote natembea kandokando yake na sikuwahi kujiuliza linakula nini. Nilikaa kizingitini nikashika mdomo, na hapo ndipo mke wangu alipoanza kuniogopa.

Mashimo sichimbi, msihofu. Mzabibu hautaki kusimama majini. Natandaza majani tu, mistari ya kukata mteremko, na sichomi tena hata moja. Debora ameandika: kahawa imeanza kuiva, Mzee Faraji anasema pingili zimechipua, na Bibi Otilia anauliza kama nimeshafyeka.

Bado. Nimefanya vipande viwili peke yangu na mgongo umegoma, na korongo letu ni moja, linaanzia kwangu linapita kwenu nyote. Kwa hiyo njooni Jumamosi. Mke wangu ameshaloweka uwele. Pombe ni yangu, na kazi nitaitaja mimi.